Ukurasa wa Themanini na Tatu

Nakala ilikuwa moja, sisi watano,
kwa hiyo Nyanzobe akachukua wembe wa kufumulia nyuzi
akaipasua riwaya mgongoni,
akatugawia kama anavyogawa vitambaa vya sare:
huyu mwanzo, yule kati, wewe mwisho, usiseme.

Ndivyo tulivyoisoma.
Mimi nililala na matanga wiki nzima
kabla sijajua nani kafa.
Mwalimu Kaneno alipata harusi ya yule binti mkubwa
bila kujua aliwahi kuwa mtoto wa kulala na viatu.

Alhamisi, Kirumba, nyuma ya duka la ushonaji.
Umeme umekatika, chai ya tangawizi iko kwenye chupa,
harufu ya dagaa inaingia bila hodi,
na juu ya bati korongo wawili wanatembea
kama watu waliovaa viatu vya kuazima.

"Mjomba huyu," Nyanzobe akaanza, "ni mzigo juu ya mzigo.
Hajui kupika, hajui kusuka,
anawaambia watoto mama yao amesafiri.
Amesafiri! Kwa basi gani?"
Mwalimu akasema mjomba ni mama mwenye ndevu.
"Na baba mdogo je?" akadakia Mbuke.
"Siku ya kugawana ng'ombe si alikuwepo?"
Nikaandika kwenye daftari la chama: Tumecheka.

Kisha tukafika kwenye kipande cha Lugembe.
Themanini na mbili, halafu themanini na tano.
"Wembe umekula karatasi," Nyanzobe akajitetea.
Mbuke, aliyekuwa ameisoma yote mwaka juzi,
akatusimulia kwa kichwa:
hapo mjomba anaikuta kanga ya marehemu
chini ya mto wa mziwanda,
imekunjamana, ina jasho, ina moshi wa jikoni,
naye kwa mapenzi yake anaifua.
Sabuni ya mche. Anaianika juu ya jiwe.
Mtoto anarudi shule, anainusa,
anainusa tena,
halafu hasemi neno mpaka sura ya kumi na moja.

"Mpumbavu," akasema Nyanzobe.
"Hapo mwandishi kazidisha," akasema Mwalimu.
"Mtu mzima gani asiyejua hilo?"

Lugembe ni fundi wa friji.
Miezi minne humu ndani
amesema "habari" na amesema "nipo."
Aliweka kikombe chini, akakizungusha,
mkono wake ukitafuta pa kukaa.

"Mimi niliweka na bluu," akasema.
"Ili ing'ae."

Nje mtu aliwasha jenereta. Likakohoa, likazima.

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
mikunjo imelainika kama noti ya zamani.
"Mbuke," akasema, "umesahau upande wa pili."
Nikaimulika kwa simu. Nikawasomea.
Themanini na nne: mjomba anajifunga ile kanga kiunoni,
anapika nayo, kuni mbichi, siku tatu,
anasogea karibu na moto kuliko inavyofaa,
macho yanamtoka machozi, yeye anasema ni moshi.
Usiku anairudisha chini ya mto.
Sentensi inakatikia hapo, kwenye ukingo wa karatasi,
na themanini na tano ilikuwa mapajani mwake.

Hakuna aliyeomba aendelee.
Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua.
Nyanzobe, ambaye mdomo wake hauna pindo,
alimmiminia chai mtu ambaye kikombe chake kimejaa.

Ikalia kengele ya baiskeli.
Kila Alhamisi binti wa dada yake humsubiri,
ameketi kwenye lile jabali mbele ya duka.
Hamwiti mjomba, hamwiti baba.
Hugonga kengele, mara mbili.

"Nipo," Lugembe akasema, kwa sauti ya kufika nje.
Akaikunja karatasi mara nne,
akairudisha kwenye mfuko wa shati.
Hakuna aliyemdai.

Kwenye daftari nilifuta neno moja, nikaliandika tena.
Halafu chini yake:
Ukurasa wa themanini na tatu umeazimwa.
Tarehe ya kurudisha nikaiacha wazi.